Matroni Aliyechelewa Kusema

Matroni wetu hakutaka mtu atuonee huruma mbele yake. Mgeni akiingia bwenini, akatutazama mmoja mmoja, akaanza kutikisa kichwa na kusema "maskini wa Mungu," Matroni alikwenda nyuma ya jiko akarudi na ndoo. "Kama una huruma," alimwambia, "kisima kiko kule chini." Wengine walicheka, wakidhani anatania. Yeye hakucheka. Alisimama amenyoosha mkono wenye ndoo mpaka mtu akaipokea. Nakumbuka mama mmoja wa kanisani, kavaa kitenge kipya na viatu vya kisigino, anapanda kutoka kisimani na ndoo kichwani, maji yanamwagikia mabegani katika upepo ule wa Juni wa Sumbawanga unaokata masikio. Alipoitua, Matroni alimwambia, "Ahsante. Njoo na Jumamosi, tunafua."

Jina lake lilikuwepo, lakini hakuna aliyelitumia. Kwa padre alikuwa Matroni, kwa wauza mahindi sokoni alikuwa Matroni, na kwa sisi pia. Alikuwa mfupi, mpana, Mfipa wa vijiji vya juu ambako mtu huamka na ukungu mlangoni. Kila siku ya Mungu alivaa sweta moja la kiume la mitumba, la kijani, lenye maandishi kifuani ya lugha ambayo hata mwalimu mkuu hakuijua. Mtu akimuuliza yanasemaje, alijibu, "Yanasema niache nifanye kazi."

Bweni lilikuwa pembeni mwa mji: nyumba mbili ndefu za matofali ya kuchoma, moja ya wasichana na moja ya wavulana, na katikati uwanja wa kufulia wenye kamba na mawe. Tuliokaa humo tulikuwa wasioona, wasiosikia, na sisi wa magongo. Asubuhi tulikwenda shule ya msingi iliyokuwa jirani, mchana tulirudi kwake. Alituita kwa majina ambayo semina za siku hizi zingemkataza. "We kipofu wangu, umevaa shati ndani nje." "We bubu, moto unazimika," na hapo alimrushia bubu kipande cha kuni kidogo miguuni ili ageuke. Sauti yake ilikuwa ya ugomvi hata alipokuwa akisali rozari. Lakini mtu wa mtaani akitumia majina yale yale, alimfuata mpaka nyumbani kwake.

Mimi nilifika kwake nikiwa na miaka tisa. Baba yangu alikuwa mfugaji wa Kisukuma, mmoja wa wale waliohamia na ng'ombe wao bondeni upande wa Mtowisa. Tulipanda mlima kwa lori la mpunga, mimi nimelala juu ya magunia kwa sababu mguu wangu wa kulia ulikuwa umekufa kwa polio. Sikuwahi kuhisi baridi namna ile. Baba alisimama mlangoni pa bweni, kanibeba mgongoni, kavua kofia, akasema kwa Kiswahili chake cha shida, "Nimemleta huyu. Hafai kuchunga."

Matroni alinitazama. "Hapa hatuna ng'ombe," akasema. "Atafaa. Anaitwa nani?"

"Kabula."

"Kabula, shuka chini ufue hilo gauni, lina vumbi la bonde zima. Mguu ndio umekufa. Mikono je?"

Nilifua huku nalia. Baba aliponiaga hakunikuta na machozi, alinikuta na povu mpaka viwikoni. Nadhani ndiyo sababu aliondoka na amani.

Alikuwa mchoyo wa sukari. Uji wa ulezi alitupikia mzito, mtamu kwa ulezi wenyewe, na aliyeomba sukari aliambiwa akamuombe rais. Ilikuwa miaka ile ambayo vitu vilijaa madukani kuliko fedha mifukoni, ruzuku ya bweni ikapungua, wazazi wakaanza kuambiwa wachangie, na wengi wao hawakuwa na cha kuchangia wala hamu ya kuchangia. Mji ulikuwa unachangamka. Mitumba ilimwagwa chini sokoni, malori yaliteremka Kasanga kufuata mizigo ya ziwani, vibanda vya video vilipiga kelele mpaka jioni. Matroni alifuga kuku nyuma ya jiko na kuuza mayai ili tupate sabuni. Alipenda redio. Aliiweka sikioni kama mtu anayesikiliza siri, na ni katika redio hiyo sote tulisikia neno ukimwi kwa mara ya kwanza. Mtaani watu waliuita miwaya. "Fulani kakanyaga miwaya," walisema, na baada ya miezi fulani huyo alikuwa anazikwa.

Juu ya jambo hilo, na juu ya mwili kwa jumla, Matroni wa miaka ile ya kwanza hakuwa na la kusema. Msichana akivunja ungo alimpa vipande vya kanga kuukuu na kumwambia, "Sasa funga mlango." Hilo ndilo lilikuwa somo lote. Baada ya sala ya jioni aliongeza wakati mwingine, "Kuna ugonjwa huko nje. Wasichana, miguu pamoja." Sisi tunaosikia tulicheka chini ya mablanketi. Wasiosikia walitazama midomo yake ikicheza, wakatutazama sisi tukicheka, wakauliza kwa mikono kuna nini. Hakuna aliyejisumbua kuwaeleza.

Walikuja watu wa afya mwaka mmoja, na gari na mabango, wakafundisha shule ya sekondari iliyo upande wa pili wa barabara. Mmoja wao alipita getini kwetu akamuuliza Matroni kama hawa wake nao wanahitaji. Matroni akamjibu, "Hawa wana mizigo yao tayari. Nani atawafuata?" Yule mtu akaondoka. Nalijua hilo kwa sababu yeye mwenyewe alitusimulia miaka baadaye, mara nyingi, bila mtu kumuuliza, na kila mara alimalizia kwa kusema, "Mdomo huu huu."

Wa kwanza kufuatwa alikuwa Tekla.

Tekla alikuwa hasikii tangu utotoni. Kwao kijijini walichelewa kumpeleka shule, hivyo alikuwa darasa la tano na miaka kumi na tisa, mrefu, mwenye mabega ya kulima na kishimo kidogo kidevuni. Vitanda vyetu vilipakana, na kwa sababu yake nilijua alama za bwenini kuliko wote wanaosikia. Hazikuwa alama za vitabuni, tulizitunga wenyewe. Matroni alikuwa na alama yake, ndoo. Mimi nilikuwa vidole viwili vinavyotembea kimoja kikichechemea, wala sikuchukia. Tekla alipenda ngoma. Siku za sikukuu alivua viatu akasimama karibu na wapigaji, akasubiri mshindo umpande kutoka ardhini, kisha akacheza hata wanaosikia wakaacha kucheza wamtazame.

Yeye ndiye aliyetumwa kusaga mahindi, maana alikuwa na nguvu. Mwendesha mashine ya kusaga alikuwa mwanaume mjane, mpole, anayejua kutabasamu. Mkewe alikufa kwa kukonda, na mji mzima ulisema kwa nini. Alianza kumpa Tekla mkate, kisha kanga. Tekla alinionyesha ile kanga, akanionyesha pete isiyokuwepo kwenye kidole chake. Aliamini ataolewa. Niliambiwa baadaye na watu wa mashineni kwamba yule bwana alijisifu kwa wenzake, "Bubu hana ugonjwa, na hasemi."

Mimba ilipoonekana, shule ilimfukuza, kama ilivyokuwa desturi. Matroni alimburuta kwenda kumshtaki yule mwanaume. Kituo cha polisi tulipokwenda, mimi nikiwa wa kutafsiri, aliyekaa mezani alimsikiliza, akamtazama Tekla, akauliza, "Atatoa ushahidi kwa mdomo gani?" Wenzake wakacheka. Matroni aligonga meza, wakamtoa nje. Kesho yake kaka yake Tekla alikuja na baiskeli kumchukua. Yule bwana wa mashine aliendelea kusaga unga wetu, na sisi tuliendelea kuula, maana mashine nyingine ilikuwa mbali.

Alirudi baada ya mwaka na zaidi, amekaa kwenye keria ya baiskeli ile ile, na mtoto wa kike mgongoni. Sikumtambua. Mabega yote yalikuwa yameisha. Kaka yake alisema hataki ugomvi, "lakini mlioharibu mtibu wenyewe," akageuza baiskeli. Matroni hakuomba ruhusa ya mtu. Alimwingiza kwenye chumba chake mwenyewe.

Hapo sasa niseme na lingine, kwa sababu wanaomsifu Matroni leo huliruka. Wiki za kwanza alimwogopa. Alimtengea Tekla sahani yake na kikombe chake cha bati, akakitundika kwenye msumari peke yake, na alivisafisha kwa maji ya moto huku ameinua uso pembeni. Alimpeleka kwa mganga pia, upande wa Mollo, huyu huyu aliyekuwa mtu wa rozari, akarudi na unga mweusi wa kulamba. Tekla aliulamba. Wasiosikia hawapitwi na kitu kwa macho. Siku moja mchana alinyanyuka kitandani akishika ukuta, akatungua kile kikombe msumarini, akakitupa nje uwanjani mbele ya kuku. Akarudi kulala. Matroni alitoka, akakiokota, akakiosha kwa maji ya kawaida, akakichanganya na vikombe vyetu vyote. Toka siku hiyo walikula sahani moja. Sikuwahi kumwona akiogopa tena.

Tekla hakujua anaumwa nini. Alidhani ni njaa ya kunyonyesha, halafu akadhani karogwa na wifi yake. Tulikwenda naye hospitali, Matroni, yeye na mimi, mtoto kalala mapajani pangu. Kwenye ukumbi wa kusubiria palikuwa na bango: mtu aliyekonda kitandani, mbavu nje, na maneno makubwa chini. Tekla hakujua kusoma zaidi ya jina lake. Alisimama mbele ya lile bango muda mrefu. Akaweka kidole kwenye mbavu za yule mtu wa kwenye picha, akakishusha mbavu moja baada ya nyingine. Kisha akaweka kidole kile kile kwenye mbavu zake mwenyewe, akakishusha vivyo hivyo, akageuka kumtazama Matroni.

Matroni alitazama sakafu. Kisha akaitikia kwa kichwa.

Tekla akaniuliza kwa mikono: ugonjwa umetoka wapi? Kwenye chakula? Kwenye baridi? Wifi? Mimi nikawa natafsiri kwa sauti ya chini, na kila swali Matroni akawa anatikisa kichwa, hapana, hapana.

"Mwambie," akasema, akakwama. "Kabula, mnayo alama ya mwanaume na mwanamke wakilala pamoja?"

"Tunayo," nikamwambia. "Ulitupiga tulipoitumia."

Matroni akafanya ishara kwamba niitumie. Nikaitumia hapo ukumbini, watu wakigeuza shingo, wengine wakiguna. Tekla akaelewa. Akafanya alama ya mashine, mkono unazunguka. Nikaitikia. Akamtazama mtoto mapajani pangu akauliza, na huyu? Nikasema kwa mikono, hatujui.

Alikaa kwenye benchi. Tulidhani ndiyo basi. Lakini aliinua mikono akamgeukia Matroni, akafanya taratibu kama anavyofanya mtu anayezungumza na mtoto: alionyesha mdomo wa Matroni, akaonyesha sikio langu, akaonyesha mbali kule bwenini kwa wengine. Kisha akafungua kiganja chake mwenyewe, kitupu, akamwekea Matroni karibu na uso.

Nikafungua kinywa nitafsiri.

"Acha," akasema Matroni. "Nimeelewa."

Tulimzika Tekla majira ya baridi, kwenye makaburi ya kanisani, padre alikubali bila maswali. Siku hizo dawa tulizisikia zikitajwa kuwa za nchi za mbali tu. Nilimtazama Matroni kaburini. Hakulia kwa sauti kama wanawake wengine. Alisimama amemfunga mtoto wa Tekla mgongoni, juu ya lile sweta la kijani, mikono yake inajikunja na kujikunjua.

Jumamosi iliyofuata, tulipomaliza kufua, alitukusanya uwanjani wote, wavulana na wasichana wakubwa. "Nitasema maneno ambayo mlikuwa mnapigwa kwa kuyasema," akaanza. "Mwenye aibu aende akalale. Aibu nimekuwa nayo mimi ya kututosha wote." Hakuna aliyeondoka. Akawageukia wasiosikia, akaniambia niwatafsirie, "Nifundisheni alama zote mlizonificha. Zote."

Walitazamana. Kisha mvulana mmoja akaanza, na mwingine, na baada ya muda uwanja mzima ulikuwa unacheka, na Matroni kati yao, mwanamke wa makamo mwenye rozari shingoni, anarudia alama moja baada ya nyingine, mikono yake mizito inakosea, wanamrekebisha. Hakucheka hata mara moja. Aliyatoa maneno yale kama mtu anayetoa miiba mguuni. Alama ya ukimwi hawakuwa nayo. Wakaitunga pale pale: kidole kinashuka mbavuni. Mimi ndiye niliyewaonyesha.

Toka hapo kila Jumamosi ilikuwa hivyo. Alitumia gunzi la mahindi na kondomu alizoomba hospitali. Wasioona aliwawekea mikononi, washike wenyewe, wavalishe gunzi wenyewe, warudie mpaka wasikosee. "Bango halikusaidii wewe," alimwambia msichana mmoja asiyeona, Anjela, aliyekuwa anajikunyata kwa aibu. "Gizani wote ni vipofu, lakini wewe umezoea. Utamshinda huyo mwanaume." Alikosea mambo pia. Kwa muda mrefu alitufundisha kwamba mbu huenda naye analeta, mpaka nesi mmoja akamsahihisha, na Jumamosi hiyo alisimama mbele yetu akasema, "Ya mbu niliwadanganya, futeni." Alikuwa na msemo wake aliotupa wasichana wa magongo na wasioona: "Anayekutafuta gizani, mwambie aje mchana." Maana alishajua sasa kwamba tunafuatwa, na kwa nini tunafuatwa. Wapo walioamini kwamba sisi ni wasafi kwa kuwa hakuna aliyetugusa, na wapo walioamini kwamba hata wakitugusa hatutahesabiwa.

Habari zilimfikia padre, maana bweni lilikuwa chini ya kanisa. Alikuja mwenyewe, mzee wa watu, akakaa kwenye kigoda chetu jikoni. Mimi nilikuwa namenya viazi.

"Matroni, naambiwa unawafundisha watoto dhambi."

"Dhambi wanaijua, Baba," akajibu. "Nawaonyesha kaburi lilipo."

Padre alinyamaza, akanywa uji wake usio na sukari, akabariki nyumba, akaondoka. Lakini kamati ya bweni haikunyamaza. Walimsimamisha kazi muhula mzima. Alihamia kwenye chumba cha kupanga barabarani mbele ya geti letu, yeye na mtoto wa Tekla, na Jumamosi tulivuka barabara na ndoo zetu za nguo tukafulia uani kwake. Matroni aliyeletwa badala yake alikuwa msichana mpole aliyelia kila mmoja wetu alipoanguka. Walimrudisha wa zamani.

Hakufanikiwa kwa wote. Hilo nalo alilihesabu kuwa kosa lake. Anjela alikufa, na mvulana yule aliyeanza kumfundisha alama alikufa, kila mmoja kwao, kila mmoja akiwa amejua vizuri kabisa. Matroni alikwenda kwenye misiba yote miwili kwa lori na kwa miguu. Aliporudi kutoka msiba wa Anjela aliniambia tu, "Kumwambia ni nusu. Nusu nyingine sinayo."

Kwangu mimi ilitosha. Nilikuwa nimehitimu ushonaji, nina cherehani kwenye kibaraza sokoni, na muuza mitumba mmoja alizoea kunipitia. "Mambo, mrembo?" "Poa." Siku moja akaniambia, akidhani ananisifu, "Wewe uko salama, nani kakugusa wewe?" Nikamwambia aje mchana kwa Matroni. Hakuja wala hakupita tena. Baadaye fundi baiskeli, mtu wa maneno machache, niliposema hivyo hivyo alikuja saa saba mchana na shati la pasi. "Shikamoo Matroni." "Marahaba. Umepima?" Alikuwa hajapima. Tulikwenda kupima pamoja, naye Matroni akasubiri nje ya mlango amekunja mikono kama polisi.

Nilipokuwa na mimba alinisindikiza kliniki. Nesi aliyepokea kadi alinitazama tumbo, akatazama magongo, akasema kwa masikitiko ya kweli, "Jamani, nani huyu kakuonea?"

"Mume wake," akasema Matroni kabla sijajibu. "Ulidhani mimba zao zinaletwa na posta?"

Kina mama waliokuwa kwenye foleni walicheka mpaka wakashika matumbo. Ni mara chache nilimwona akifurahia maneno yake mwenyewe, hapo alifurahia.

Kuhusu mtoto wa Tekla, hata hivyo, hakuwa na maneno. Alimwita Oliva, akamlea kama mjukuu. Alikuwa mtoto wa masikio yanayotoka usaha, kikohozi kisichoisha, ngozi yenye vipele, lakini alikua. Kila mwaka aliovuka, Matroni alihesabu kuwa mtoto ameponea. Sisi tuliotoka bwenini tulijua, tukasita kusema, tukamwachia yeye. Alipofikisha miaka tisa hivi na kulala wiki tatu hospitali, ndipo Matroni alipokubali apimwe. Kwa bahati dawa zilikuwa zimeshafika Sumbawanga. Oliva akaanza kumeza vidonge asubuhi na jioni, akanenepa. Matroni akamwambia ni dawa za kifua.

Alishastaafu. Alikuwa na nyumba ya vyumba viwili Izia, kule ambako nyumba zinaisha na mashamba yanaanza. Siku moja alimtuma jirani kuniita. Nilimkuta amekaa mlangoni, ungo wa maharage mapajani, anachambua. Alikuwa amepungua sana. Miguu ilivimba, na pumzi ilimkatika katikati ya maneno.

"Shikamoo Matroni."

"Marahaba, Kabula. Mguu?"

"Upo. Na wewe, umeamkaje?"

"Kama unavyoona. Kaa."

Nilikaa. Alichambua maharage kwa muda. "Nimefundisha watoto wa watu," akasema. "Vipofu, viziwi, wa magongo kama wewe. Nimewashikisha magunzi mbele ya padre. Huyu wa kwangu nimeshindwa. Kila jioni nampa vidonge nasema meza dawa ya kifua. Ana miaka kumi na moja. Kesho atasoma maandishi ya kwenye kopo." Akapumzika kidogo. "Nataka umwambie wewe. Wewe ulikuwa rafiki wa mama yake."

Ningeweza kukubali. Lakini niliwaza ule ukumbi wa hospitali, na mikono iliyosema badala ya mdomo wake. "Nitakaa hapa hapa," nikamwambia. "Sema wewe."

Oliva alirudi shule, akatuamkia, akavua viatu, akakaa kwenye mkeka akaanza kutusaidia kuchambua. Matroni alifungua kinywa mara mbili akafunga. Mara ya tatu akasema, macho yake yakiwa kwenye ungo, "Oliva, zile dawa si za kifua."

"Za nini, Bibi?"

"Za ukimwi. Umo kwenye damu yako. Hukuupata kwa kosa, ulizaliwa nao. Mama yako alikuwa nao."

Vidole vya mtoto viliendelea kutenganisha mawe na maharage. "Ndio uliomuua?"

"Ndio. Dawa hazikuwepo. Zako zipo. Ukizimeza, utaishi, utazeeka kama mimi."

"Mama alijua?"

"Alijua mwishoni. Nilichelewa kumwambia." Pumzi ikamkatika. "Nilidhani haelewi."

"Alikuwa anaelewa?"

"Alikuwa anaelewa yote."

Oliva aliweka chini punje alizokuwa nazo. Sasa atalia, niliwaza, au atakimbia, na mimi siwezi kumkimbiza. Hakufanya hivyo. Alitazama njia ya shambani, ambako watoto wa jirani walikuwa wanapita na mbuzi, akauliza nani mwingine anajua. Matroni akamtajia: mimi, na daktari. Akasema atakapotaka kumwambia mtu, atachagua mwenyewe. Oliva akaitikia. Machozi yalikuwa yanamtoka sasa, bila sauti, akiyaacha yadondoke tu.

Kisha akasema, "Bibi, kama mama alikuwa hasemi, mimi alikuwa ananiitaje?"

Matroni alinitazama. Nilikuwa najua, lakini nilinyamaza. Akatua ungo chini. Akainua mkono wake uliovimba, akagusa kidevu kwa kidole kimoja, pale penye kishimo mtoto alichorithi kwa mama yake, kisha akafungua kiganja akakilaza kifuani.

Oliva akajaribu. Kidole kilifika kidevuni sawasawa, lakini kiganja akakilaza chini, tumboni. Matroni akamsogelea kwa shida kwenye mkeka, akamshika mkono, akaupandisha.

"Juu kidogo," akasema. "Hapo. Hapo ndipo alipokuweka."